Sista na Gemu ya Wakesho

Miaka yote niliyoishi mlango wa pili kutoka kwa Sista pale Birikani, Voi, sikumwona akikimbia hata siku moja. Mvua ikimkuta njiani akitoka sokoni, aliendelea na mwendo wake ule ule, leso kichwani, mboga mkononi. Kuna siku mama mmoja wa ploti yetu alishikwa na uchungu akiwa uani anaanika nguo. Sisi wengine tulianza kugongana kama kuku waliomwona mwewe. Sista alitoka nje akifunga vifungo vya sweta, akatuangalia, akaenda kwanza kunawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko, polepole, halafu ndipo akapiga magoti. Mtoto alizaliwa pale pale, salama. Baadaye nilimwuliza aliwezaje kutulia vile, akaniambia kwamba mtu anayekimbia humtisha mgonjwa, na mgonjwa akishatishika kazi inakuwa mbili.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi na mkunga, na alifanya kazi hiyo katika zahanati moja ya Werugha, juu milimani, mpaka akastaafu. Hata bintiye Wakesho alimwita hivyo akitaka kumtania. Mimi aliniita mwalimu, kwa kuwa nafundisha somo la kompyuta katika shule ya sekondari hapa mjini. Kwake ualimu wa kompyuta haukuwa ualimu hasa. Alisema mwalimu ni mtu wa chaki.

Kilichowateremsha Voi ni ugonjwa wa Wakesho. Alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa ambao chembe za damu hupinda na kuziba mishipa, na maumivu yake huingia mpaka kwenye mifupa. Baridi huuchokoza, na Werugha ni baridi na ukungu, kuna miezi ambayo nguo haikauki. Sista alipostaafu alifunga nyumba yake, akamwachia shemeji yake ng'ombe na matuta ya kabeji, akaja kupanga vyumba viwili kwenye joto na vumbi jekundu. Sisi wengine tunalalamikia jua la Voi. Yeye alilishukuru. Jua likiwa la kupasua mawe, alifungua madirisha yote, akamwambia Wakesho, "Leo ni siku njema," na kweli siku kama hiyo msichana aliweza kukaa nje na kula.

Alikuwa na ulimi mkali. Kina mama aliowazalisha Werugha walikuwa wakimtembelea Voi, wakiniambia pale mlangoni jinsi alivyowagombeza siku zile, na papo hapo wanamletea viazi na maziwa. Hakupenda kuhurumiwa. Mtu akiingia kwa Wakesho na uso wa matanga, Sista alimtoa nje kwa upole na kumpa kazi, achambue mbaazi au ateke maji, na arudi uso ukishakaa sawa. Ndani ya chumba cha mgonjwa hakuruhusu kilio. Lakini nilimsikia mara nyingi akiwa jikoni akiimba nyimbo za kanisani kwa Kidawida, lugha ya kwao Taita, sauti imepinda kabisa, na nilijua kwamba akiimba vile, chumbani kwa Wakesho mambo si mazuri.

Jambo moja lililowagombanisha yeye na bintiye ni gemu.

Wakesho alikuwa na laptopu aliyoachiwa na binamu yake, na humo mlikuwa na gemu moja kubwa, ya nchi ambayo haipo duniani. Ina milima, misitu, miji yenye kuta, wachawi, mazimwi. Unaingia humo ukiwa mtu mmoja, unatembea, unapewa kazi, unapigana, unajifunza dawa na silaha, na unaweza kuendelea hivyo mwaka mzima bila kufika mwisho. Miezi ambayo miguu ilikataa kumbeba, Wakesho alikuwa huko. Mimi niliwahi kukaa kando ya kitanda chake nikamwona mtu wake akipanda mlima, tukimwona kwa nyuma tu, joho refu na kofia ya joho imefunika kichwa, theluji ikianguka. Wakesho alisema alipenda sehemu za kupanda.

Sista aliuita ule mchezo upuuzi. Akipita na sufuria alimwuliza, "Bado unapigana na mashetani?" Wakesho naye hujibu, "Leo natembea tu, mama." Lakini stima ikipotea, ni Sista huyo huyo aliyeibeba ile laptopu mpaka dukani kwa jirani mwenye sola, akaketi hapo kwenye kreti ya soda kuilinda mpaka ijae chaji. Nilipomkuta na kucheka, aliniambia nisimwambie Wakesho kwamba alikuwa amekaa kuilinda. Nimwambie jirani ndiye aliyeileta.

Wakesho alifariki hospitalini, wakati wa kiangazi. Kifua kilibana ghafla na hakikufunguka. Alikuwa amemaliza sekondari na alikuwa akingoja kujiunga na chuo. Sista alimwosha mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Tulimpandisha Werugha, tukamzika kwenye mteremko chini ya nyumba yao, katika ukungu mzito hata watu wa safu ya nyuma hawakuliona kaburi. Sista hakulia. Alisimama mikono imeshikana mbele, kama mtu anayesubiri zamu yake ianze. Tulidhani atabaki huko nyumbani. Matanga yalipokwisha, alirudi Voi kwenye vyumba vyake viwili, na hakueleza mtu kwa nini.

Jumamosi moja mchana alikuja kwangu na laptopu imefungwa ndani ya leso. Akaiweka mezani. Akasema, "Mwalimu, nifundishe hii gemu."

Nilimwangalia nione kama anatania. Alikuwa tayari anakunja mikono ya sweta, kama alivyozoea kabla ya kazi.

Gemu ilipofunguka, ilileta maneno mawili, moja la kuendelea na moja la kuanza upya. Nilimweleza kwamba tukibofya la kuendelea tutamkuta mtu wa Wakesho pale alipomwachia. Alikataa kabla sijamaliza. Alisema hapo ni pa Wakesho, yeye aanzie pake. Basi tukaanza upya.

Jambo la kwanza unaloombwa ni kutengeneza mtu. Mashine inakupa kijana mwenye mabega na ngozi inayong'aa, kisha unaweza kumbadilisha: rangi, nywele, pua, urefu, hata kovu. Nilidhani Sista hatajali. Alijali sana. Alinifanya nimnenepeshe mtu wake, nimpe weusi wake yeye, nimpe nywele fupi na uso mpana. Kofia zote alizikataa. Nilipouliza tumwite nani, alisema tuandike Sista. Nilimwambia watu huko hupenda kujipa majina makubwa ya kishujaa. Akasema, "Nataka mtu anayenijua aweze kunijua." Nilidhani ni majivuno kidogo, nikacheka, nikaandika.

Nchi ile ilipofunguka mbele yake, alisogeza kiti. Gemu inaanzia nje ya kijiji kilichochomwa. Moshi unapanda, jua linachomoza nyuma ya milima, na kuna muziki wa filimbi. Aliangalia milima muda mrefu. Alisema inafanana na Taita ukiitazama kutoka Voi asubuhi, ila hii ya huku imechongoka mno. Kisha akashika kipanya na mambo yakaharibika. Mtu wake alitazama mbinguni, hakutaka kushuka. Tulipomteremsha akatazama vidole vyake vya miguu. Alitembea kinyumenyume mpaka mtoni, akagonga ukuta, akabaki akitembea pale pale mbele ya ukuta. Sista hakukasirika. Alisema watoto wote huanza hivyo, huona dari kwanza.

Mzee mmoja askari anakuja na kumpa upanga na kumwambia mbwa mwitu wamewavamia watu kijijini, aende akawaue. Sista alisoma maneno yale kwa sauti, kisha akaniuliza majeruhi wako wapi. Nilimwambia gemu haikumtuma kwa majeruhi. Alienda kuwatafuta. Aliingia kijijini na kumsalimia kila mtu aliyemkuta, nami nikamwonyesha kitufe cha kuzungumza. Watu wa gemu wana maneno machache wanayorudiarudia. Mwanamke mmoja kando ya kisima alimwambia mume wake hajarudi, na Sista akimbonyeza tena, anamwambia tena mume wake hajarudi. Alimbonyeza mara nyingi. Nilieleza kwamba hana lingine la kusema. Sista alisema amewajua wanawake wengi kama huyo, na mtu hawaachi njiani kwa sababu tu wanarudia.

Mbele ya kila mlango alisimama. Huko hubishi hodi, unasukuma tu na kuingia, unafungua makabati ya watu na kuchukua mikate yao, na hakuna anayekushtaki. Jambo hilo lilimsumbua kuliko mazimwi. Ilibidi nimhakikishie kuwa nyumba ile haina mtu ndipo akaingia, na hakuchukua kitu.

Kwenye kona ya skrini kuna mstari mwekundu. Aliuliza ni nini. Nilimwambia ni uhai wake. Ukiumia unapungua, ukiisha umekufa. Akauliza ukipungua unafanyaje. Nilimwonyesha chupa ndogo nyekundu kwenye mfuko wake. Alipokutana na mbwa mwitu wa kwanza na kuumwa, alikunywa ile chupa, mstari ukajaa tena papo hapo. Alikuwa ameishi miaka mingi akimpigania mtoto ambaye damu yake ilimwangusha, akimtafutia mtu wa kumtolea damu, akihesabu matone ya dripu, na sasa alikuwa akiutazama ule mstari.

Mbwa mwitu wa pili alimwua. Skrini ikawa nyeusi. Kisha, kwa kuwa ndivyo gemu ilivyo, mtu wake akaamka kando ya moto pale alipoanzia, mzima, na filimbi ikaanza upya.

"Amefufuka?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, kila mara.

Aliinuka, akaenda kusimama uani kwenye jua akiwa amenipa mgongo. Nilisikia ameanza kuimba. Sikumfuata. Aliporudi alifunga laptopu ndani ya leso na kunishukuru, akasema imetosha kwa leo. Nilijua hatarudi.

Alirudi Jumamosi iliyofuata. Na baada ya hapo hakunihitaji sana, kwa sababu alijifunza. Kupitia dirisha lake mchana nilikuwa nikimwona amevaa miwani, uso karibu na skrini, akitembea. Hakuwa anapigana. Alipoona mnyama alizunguka mbali, na akipewa kazi ya kuua mtu alikataa. Alijifunza kuchuma mizizi na majani na kuchemsha dawa, akawagawia watu wa njiani. Aliniambia watu wa nchi ile wanauguaugua sana na hakuna zahanati. Ila wakati wote alikuwa akielekea upande mmoja, kaskazini, kwenye milima yenye theluji. Alikuwa akiniuliza njia. Pale darajani ni kulia? Ile njia ya kupenya milimani hufunguka lini? Nilifurahi kwamba amepata kitu cha kumshughulisha. Niliwaambia watu wa ploti hivyo, kwamba afadhali Sista amepata cha kumshughulisha.

Siku moja wakati wa likizo, nilikuwa nafua nje, akaja bila laptopu. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Akasimama karibu na karai.

"Mwalimu, nimefika kwa Wakesho," akasema. "Nyumba nimeiona. Iko pale ziwani kama alivyoniambia, ina mlango wa kijani. Lakini imefungwa, na kuna kibao kinasema inauzwa. Ni nani ameiuza?"

Sikumwelewa, kisha nikamwelewa, na mikono ikabaki ndani ya povu. Akanieleza bila kuulizwa. Wiki ya mwisho hospitalini, Wakesho alimwambia kwamba ndani ya gemu amefika ng'ambo ya milima, amenunua nyumba kando ya ziwa. Akamwambia, kwa utani wao ule, kwamba siku moja Sista amtembelee huko badala ya kumgombeza mlangoni. Mtu wa Wakesho alikuwa bado mle ndani, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia siku ya kwanza kwamba tukibofya tutamkuta alipoachwa. Basi alikuwa ameanzia upande wake, kwa uso wake na jina lake, ili afike hapo kwa miguu.

Nikapangusa mikono. Tuliingia ndani tukaketi. Nilimweleza kwamba kila anayeanza upya hupewa nchi yake peke yake. Miji ni ile ile, na mito, na yule mwanamke wa kisimani, lakini nchi ya Sista na nchi ya Wakesho hazigusani mahali popote. Katika nchi ya Sista hakuna Wakesho aliyewahi kupita, na ile nyumba haijawahi kununuliwa na mtu.

"Hata kwa mbali?" akauliza. "Hata mtu amwone upande wa pili wa maji?"

"Hata kwa mbali, mama."

Alitingisha kichwa polepole, kama anayesikiliza jibu la maabara. Alinyoosha leso yake juu ya magoti, akaikunja, akainyoosha tena.

"Basi nilikuwa natembea peke yangu," akasema.

Alisema kule zahanati, mama akimwuliza kama mtoto yuko hai, yeye alikuwa akimjibu pale pale, hata jibu likiwa baya, maana kumngojesha mtu ni kumwongezea. Akanishukuru kwa kutomngojesha. Nilimwuliza kama angependa tubofye lile neno lingine, tumfungue mtu wa Wakesho. Alisema hapana, hawezi kuingia kwa mtu ambaye hayupo. Kisha akaenda zake, mwendo wake ule ule, akifuata ukuta wenye kivuli.

Kabla ya mwezi kwisha alirudisha funguo za vyumba vyake kwa mwenye ploti na kupanda Werugha. Hakukuwa tena na sababu ya kutafuta joto.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilipanda kwenye likizo ya Agosti, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba. Nilimkuta amekonda. Alikuwa amevaa sweta mbili, moja ya Wakesho ikiwa juu. Miguu ilikuwa imevimba, na aliniambia habari za moyo wake kwa maneno ya kiuguzi, kama anayezungumzia moyo wa mtu wa wodini. Alinipa kimanga cha mihogo na maharagwe, na chai. Aliuliza habari za ploti, za yule mtoto aliyezaliwa uani, kama ameanza shule. Laptopu ilikuwa mezani karibu na dirisha, imefunguliwa.

"Nilimfungua," akasema. "Njoo umwone."

Kwenye skrini kulikuwa na ziwa na nyumba yenye mlango wa kijani, na mbele yake mtu mwenye joho refu amesimama, ametupa mgongo, kama nilivyomjua. Sista alishika kipanya kwa vidole vyake vilivyozoea, akaizungusha picha mpaka tukawa mbele ya yule mtu, kisha akabonyeza kitufe cha kuondoa kofia. Mimi sikuwahi kujua kwamba kofia ile inatoka.

Alikuwa bibi kizee. Nywele nyeupe zilizofungwa nyuma, nyusi nyeupe, mashavu yaliyoingia ndani, mikunjo kuanzia machoni mpaka shingoni. Wasichana wa umri wa Wakesho, darasani kwangu, hujitengenezea malkia.

"Nilidhani atakuwa msichana," Sista akasema. "Niambie ukweli, mwalimu. Huu uso mashine ndiyo iliyompa?"

Nilimwambia hapana. Mashine huanza na kijana. Kufika kwenye uso ule lazima mtu abadilishe kitu kimoja kimoja, nywele, ngozi, kila mkunjo, na ni kazi ya kukaa.

"Kwa hivyo alikaa akajizeesha."

"Ndiyo, mama."

Alivua miwani. Alisema daktari alimwambia mapema kwamba Wakesho hatafika mbali, na yeye akalifunga neno hilo kifuani, hakumwambia mtoto wala mtu mwingine. Kila siku alimwambia ukizeeka utafanya hivi, ukiwa na wajukuu utafanya vile. Wakesho alikuwa akiitikia tu, ndiyo mama. Sista alisema haya kwa sauti ya kawaida, na machozi yalikuwa yakishuka, akiyaacha yashuke, wala hakuimba.

"Alijua," akasema. "Na hakuniambia kwamba anajua."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi. Nje mtu alikuwa akimwita ng'ombe ndani ya ukungu. Kisha nikamwuliza kama huwa anamtembeza yule bibi, ampeleke aone mji au kule ng'ambo ya maji.

"Simpeleki popote," akasema. "Ametembea mpaka amezeeka."

Alivaa miwani yake, akaurudisha mkono kwenye kompyuta, akatafuta kitufe. Karibu na mlango wa kijani palikuwa na benchi. Yule bibi aligeuka, akakusanya joho lake, akaketi.